"Nina kitunda kimoja zaidi, nimeshinda": hapana, bado

Juzi jioni mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima mwenye watoto, alinijia na fumbo la chesi kwenye simu (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari). Mfalme mweupe yuko g8, kitunda chake, kile kipande kidogo kinachoweza kugeuka malkia kikifika mwisho wa ubao, g7, ngome e1. Mfalme mweusi d7, ngome h2. Zamu ya mweupe. Kabla sijavaa miwani akasema, "Hili jepesi, kocha. Nina kitunda zaidi, nakisukuma tu."

Unakisukumia wapi, bwana? Nyumba ya g8 amekaa mfalme wako mwenyewe.

Akacheka, akamtoa mfalme f7. Ngome nyeusi ikapiga cheki, yaani ikamshambulia mfalme, kutoka f2. Akaenda g6, cheki kutoka g2. Akakimbilia h7, cheki kutoka h2. Akarudi g8. Kazunguka mtaa mzima, yuko mlangoni kwake palepale, na anaanza kulaumu programu.

Kauli hiyo ya kitunda zaidi naisikia kila wiki, na imenichosha. Kwenye miisho ya ngome, yaani mchezo ukibaki wafalme, ngome na vitunda, kuhesabu vitunda ni hatua ya kwanza tu. Kinachoamua ni wafalme wamesimama wapi na ngome ina nafasi kiasi gani ya kupiga cheki kutoka mbali. Katika fumbo lile mweupe anashinda kweli, lakini kwa hatua ya kimya ambayo haipigi cheki wala haisogezi kitunda: ngome e4. Mweusi anasubiri, ngome h1. Sasa ndipo mfalme anatoka: f7, cheki kutoka f1, g6, cheki kutoka g1, f6, cheki kutoka f1, g5, cheki kutoka g1, halafu ngome nyeupe inaingia g4 na kuziba njia. Cheki zimekwisha, kitunda kinakwenda kuwa malkia. Tunaita kujenga daraja. Ngome ilipelekwa mstari wa nne mapema kwa ajili ya mwavuli huo, wakati mfalme bado hajatia mguu nje.

(Mkao huu unaitwa wa Lucena, ingawa kwenye kitabu cha Lucena cha 1497 haumo. Ulichapishwa na Salvio, Mwitaliano, mwaka 1634. Dhana potofu nyingine hiyo, ila haimpotezei mtu pointi.)

Sasa geuza. Mfalme mweupe d5, kitunda e5, ngome h7. Mfalme mweusi e8, ngome a6. Kitunda zaidi kipo palepale, na ni sare. Philidor, Mfaransa aliyekuwa pia mtunzi wa opera, aliueleza ulinzi huu mwaka 1777. Ngome nyeusi inakaa kwenye mstari wa sita, inatembea a6, b6, a6, na mfalme mweupe hana pa kupandia. Je, mweupe afanye nini? Mwanafunzi wangu atasukuma, bila shaka. Hilo ndilo mweusi alilokuwa akilisubiri! Kitunda kikifika e6, ngome nyeusi inashuka mara moja hadi a1 na kuanza cheki kutoka nyuma. Mfalme mweupe hana pa kujificha, maana nyumba ya e6 iliyokuwa imkinge imekaliwa na kitunda chake. Kosa la mlinzi ni kushuka mapema, au kung'ang'ania mstari wa sita baada ya kitunda kufika e6. Wengi hufanya moja kati ya hayo, kisha wanalia kwamba "miisho ya ngome ni bahati".

"Miisho yote ya ngome ni sare, nisumbuke ya nini?" Huo ni utani wa mabingwa wa zamani. Sare hazijileti zenyewe. Hapo juu umeona zinavyofanyiwa kazi.

"Ngome siku zote nyuma ya kitunda." Mara nyingi, ndiyo. Lakini kwa kitunda cha ukingoni, chukua ulinzi wa Vančura, uliochapishwa 1924: kitunda cheupe a6, ngome yake imeganda a8 mbele yake, mfalme mweusi g7. Ngome nyeusi inakaa f6 na kukishambulia kitunda kwa ubavuni. Mfalme mweupe akija kukilinda, cheki zinaanza, kutoka ubavuni vilevile. Kitunda kikisogea a7, hapo ndipo ngome nyeusi inakwenda a6, nyuma yake. Sare.

"Kitunda kikifika mwisho, chukua malkia." Weka mfalme mweupe b6 na kitunda c6, mfalme mweusi a1 na ngome d5. Mweupe anaanza: c7, kisha mfalme anashuka kwa cheki za safu ya d, b5, b4, b3, hadi c2. Ngome nyeusi inarudi d4. Ukichukua malkia, ngome inajitoa c4 kwa cheki, malkia anaila, na mfalme mweusi hayuko kwenye cheki lakini hana pa kwenda: sare. Kigeuze kitunda kiwe ngome! Sasa kuna tishio la mati, yaani cheki isiyo na pa kukimbilia, kutoka a8. Ngome nyeusi ikizuia a4, mfalme anasogea b3, anaikodolea macho ngome huku akitishia mati c1. Padri Mhispania aitwaye Saavedra aliliona hilo Glasgow mwaka 1895, wakati mkao wenyewe ulikuwa umetangazwa kuwa sare.

"Kompyuta inajua zote." Miisho yenye vipande saba au pungufu, ndiyo, inajua. Wewe hujui, na mashindanoni simu inabaki mlangoni. Kwa hiyo nawaambia: panga vipande kwenye ubao wa mbao, cheza pande zote mbili, usiguse jibu kwa dakika kumi.

Yule wa juzi nimempa ulinzi wa Philidor, acheze mweusi tu. Jana kanitumia ujumbe: ametoka sare mara tatu na binti yake, na binti kakasirika kwa sababu kila mara alikuwa na kitunda zaidi.