Korosho Zinazorudishwa Ghalani na Zinazoishia kwa Kangomba

Msimu wa korosho ukifunguliwa Mtwara na Lindi, malalamiko huwa yale yale: mzigo umerudishwa ghalani, au malipo yamechelewa. Lawama huangukia ushirika, ilhali mengi huanzia shambani.

Korosho huokotwa ikishadondoka yenyewe, haipigwi mtini. Okota kila siku au, ikishindikana, siku moja baada ya nyingine. Mvua ikianza, isilale chini hata usiku mmoja. Bibo, yaani tunda laini linaloshika korosho, liondolewe lote, kwani kipande kinachobaki huleta ukungu. Anika juani siku mbili hadi tatu kwenye turubai au sakafu safi, ukigeuza. Unyevu usizidi asilimia 10. Asiye na kipimo aitikise korosho sikioni: kiini kikigonga ganda, imekauka. Ukucha ukiacha alama kwenye ganda, irudi juani. Kisha tumia gunia la juti, juu ya chaga. Kiroba cha plastiki hakipitishi hewa. Korosho hupata joto na kiini hubadilika rangi.

Ghalani, mpimaji huchoma magunia kwa bambo, chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli, akachukua sampuli, akapasua korosho moja moja na kutenga viini vizima, vilivyooza na vilivyosinyaa. Anachotafuta ni pauni za kiini kizuri katika kilo 80 za korosho ghafi. Mzigo wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, huwa wa wakulima wengi, hivyo magunia machache mabichi huweza kuushusha wote daraja la pili, au ukaamriwa kuchambuliwa na kuanikwa upya kwa gharama ya chama, yaani ya wanachama wenyewe. Anayetia mchanga ili kilo ziongezeke anamwibia jirani yake. Wapo wanaodhani mwenye ghala hukataa mzigo kwa faida yake, lakini hapati faida yoyote kwa kuukataa.

Utaratibu ni huu: mkulima awe amesajiliwa, apime AMCOS na kupewa risiti yenye jina, kilo na daraja. Aisome papo hapo, mbele ya mizani. Mzigo ukipokelewa ghala kuu, hutolewa stakabadhi chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya 2005, kisha huingizwa mnadani. Mnunuzi hulipa kwanza, ndipo anaruhusiwa kutoa mzigo, na fedha huenda kwenye akaunti ya mkulima, makato yakiwa yameshaondolewa.

Kangomba, yaani kuuziana korosho kwa bakuli nje ya mfumo huu, ni jambo jingine. Kununua korosho hivyo ni kosa. Mzigo unaweza kutaifishwa na wahusika kushtakiwa, pamoja na kiongozi wa AMCOS anayepitisha korosho hizo kwa jina la mwanachama. Tunajua anayeuza mapema mara nyingi anatafuta unga au dawa ya kupulizia. Lakini piga hesabu: kwa mfano, ukichukua shilingi 1,500 kwa kilo na mnada ukafika 3,000, kilo 200 zimekupotezea shilingi 300,000, kabla hata hujahesabu bakuli la mnunuzi lililojazwa hadi kuchuruzika. Chakula cha Januari hadi Machi, mahindi mapya yakiwa bado shambani, kinunuliwe malipo ya mnada yanapoingia. Anayehitaji viuatilifu aulize chama chake mapema, palizi inapoanza.

Jina la benki lifanane na la usajili, herufi kwa herufi. Marekebisho yafanyike kabla ya kupeleka mzigo. Orodha ikishafika benki, jina lenye kasoro hurudi AMCOS kuhakikiwa upya, na hapo ndipo wengi husema fedha zao zimeliwa.