Mwani ukigeuka mweupe, pima maji kabla ya kulaumu mbegu

Wakulima wengi wa mwani Unguja na Pemba wanasema cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, imewakimbia kwa sababu mbegu, yaani vipande vya mwani vya kupandia, imechoka. Mbegu ina mchango wake sikatai, ila tuanze na maji. Cottonii inapenda digrii 25 mpaka 30 hivi, sasa wakati wa bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kukupwa sana, maji yakikupwa saa nne saa tano asubuhi, yale maji ya magotini yanayobaki shambani yanapigwa na jua yanapita hapo kabisa, mwani unadhoofika, bakteria wanaingia, ndo unaona tawi linakuwa jeupe, laini, linakatika lenyewe kwenye kamba. Huo ndo ugonjwa wa aisi-aisi. Spinosum, aina nyingine ya mwani, inavumilia zaidi, kwahiyo sehemu nyingi imebaki hiyo tu na bei yake ni ndogo, maana jeli inayotolewa kwenye cottonii ni ngumu na viwanda vinaitaka zaidi.

Kilimo hiki kimeanza kibiashara Zanzibar 1989, Paje na Jambiani, na mpaka leo wengi wanaolima ni kina mama. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Dkt. Flower Msuya, wamejaribu kuusogeza mwani kwenye maji ya kina ambako joto halipandi hivyo. Kule Mlingotini, Bagamoyo, walitumia kamba zinazoelea, na samaki wakawa wanakusanyika chini yake mpaka wakulima wakawa wanatega madema. Kuna pia neti za bomba, yaani wavu mrefu unajaza mbegu ndani badala ya kufunga kishada kimoja kimoja kwa taitai, yaani vile vikamba vidogo vya kufungia, na wimbi likipiga matawi hayapotei ovyo.

Lakini maji ya kina yanataka boti na yanataka mtu anayejua kuogelea, na kina mama wengi hawajafundishwa. Kwa maoni yangu mradi wowote usioweka hela ya boti, mafunzo ya kuogelea na majaketi ya kuokolea maisha haujamfikiria mkulima, hata kama majibu ya utafiti ni mazuri kiasi gani.

Kwa sasa ukiona weupe usisubiri wiki sita za kukua mpaka kuvuna ziishe. Vuna haraka kilicho kizima ukakianike kwenye chanja, sio mchangani, na kamba iliyougua usitoe mbegu hata kidogo, tafuta mbegu shamba lingine lenye mkondo mzuri wa maji.