Kabla Hujalitupa Lile Kopo la Filamu

Asubuhi moja ya mvua, mzee kutoka Jinja alituletea mfuko wa plastiki alioukumbatia kama mtoto. Ndani mlikuwa na kopo bapa la bati, upana wake kama shibiri moja, kifuniko kimeota kutu pembeni. Marehemu kaka yake alikuwa ameandika juu yake kwa penseli neno moja tu: "Ngoma". Tulipokifungua kifuniko, harufu ya siki ilijaa chumba kizima. Mzee alirudi nyuma hatua moja, akauliza, "Mwanangu, bado kuna watu humo ndani?"

Walikuwamo. Ila ile siki ilitueleza kwamba tusingekuwa nao muda mrefu.

Filamu nyingi za zamani zimetengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki ambayo joto na unyevu huioza taratibu hadi itoe asidi ileile iliyomo kwenye siki ya jikoni. Asidi ikishaanza kutoka, huuharakisha uozo wenyewe, na mvuke wake huambukiza makopo ya jirani kabatini. Ukanda husinyaa, matundu ya pembeni huachana na meno ya mashine, kisha utando wenye picha hubanduka kama rangi ya ukuta ulionyeshewa. Ndiyo maana hatukuthubutu kuupitisha ukanda wa yule mzee kwenye projekta. Projekta ingeurarua mbele ya macho yake. Tuliuskani kwa mashine isiyotumia meno, inayousukuma ukanda kwa magurudumu laini na kupiga picha fremu moja baada ya nyingine. Kopo kama lile, la milimita 16 na futi 400, hubeba takriban dakika 11. Kwa fremu 24 kila sekunde, hizo ni picha zaidi ya 15,000.

Mimi kazi yangu ni kutunza picha na sauti, na swali ninaloulizwa sana ni hili: makumbusho yana ngoma, mikuki, vitambaa vya magome na vibuyu. Filamu za nini?

Jibu langu huanzia Busoga, ufalme wa mashariki mwa Uganda yetu, kwenye bigwala. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu zilizokuwa zikipulizwa kwenye shughuli za kifalme, kama kutawazwa na mazishi ya watawala. Kila tarumbeta hutoa noti moja tu. Wapigaji watano au zaidi husimama pamoja, kila mmoja akisubiri nafasi yake, na wimbo huzaliwa pale pumzi ya huyu inapofuata ya yule. Falme zilipofutwa miaka ya 1960, shughuli zilizoulisha muziki huo zilikoma, na wajuzi wakazidi kupungua mpaka wakabaki wazee wachache. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza muziki huo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Sasa chukua tarumbeta moja ya bigwala, iweke kwenye kabati la kioo, iandikie kadi nzuri. Mtoto wa shule ataona kibuyu kirefu. Muziki hatauona, kwa sababu muziki haumo ndani ya kibuyu kimoja, umo baina ya watu. Filamu, hata iliyopoteza sauti, humwonyesha shavu lipi lililovimba kwanza na lipi likafuata. Ukienda fremu kwa fremu unaweza kuhesabu zamu zao. Nchi inapoomba urithi kama huo uingizwe kwenye orodha ya UNESCO, hutakiwa kupeleka na filamu fupi, na mimi naona takwa hilo ni la haki kabisa.

Makumbusho ya taifa letu yalilijua jambo hili mapema. Yalianzishwa mwaka 1908 kwenye kilima cha Old Kampala, yakahamahama, yakapita Makerere, hadi mwaka 1954 yalipopata jengo lake la sasa Kitante, lililosanifiwa na Ernst May. Mtunzaji wake wa miaka ile, Klaus Wachsmann, alizunguka nchi nzima na mashine ya kurekodi, akikusanya nyimbo pamoja na ala zake. Akamleta kazini Evaristo Muyinda, mpigaji wa jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, ili ala zipigwe mbele ya wageni badala ya kukaa kimya ukutani. Wageni waliona amadinda inavyopigwa: vibao 12 vimelazwa juu ya mashina mawili ya mgomba, wapigaji wawili wanatazamana na kupishana pigo kwa pigo, wa tatu amebaki na vibao viwili tu vya mwisho, akiudokoa wimbo uliojificha katikati ya mapigo ya wenzake. Muyinda alifariki mwaka 1993. Vibao vipo. Kilichotubakizia namna mikono yake ilivyokwenda ni wanafunzi wake na rekodi.

Lakini si kila aliyeshika kamera alitaka kutukumbuka. Kati ya 1935 na 1937, kutoka kituo cha Vugiri katika milima ya Usambara, mradi mmoja wa wamisionari na serikali za kikoloni ulitengeneza filamu zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Zilizungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Picha ilikuwa bubu, na maelezo yalipigwa kwenye santuri za gramafoni kwa lugha mbalimbali, Kiswahili na Kiganda zikiwemo. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika kwenye skrini za Afrika Mashariki mapema sana, lakini kikitamka maneno ya mtu mwingine. Nikitazama filamu za ukoloni, kinachoniuma zaidi kuliko dharau ya msimulizi ni ukosefu wa majina. Dereva wa serikali ana jina, afisa wa kilimo ana jina. Mwanamke anayepepeta wimbi mbele ya kamera kwa dakika nzima anaitwa "mwenyeji".

Haya hayakuishia kwenye ukoloni. Mwaka 2019 makumbusho ya Kitante yalifanya maonyesho ya picha za enzi ya Idi Amin, zilizochaguliwa kutoka kwenye negativu zipatazo 70,000 zilizokutwa kabatini katika shirika la utangazaji, UBC. Wapiga picha wa serikali walikuwa wameziweka kwenye bahasha zenye tarehe na tukio, na utaratibu huo peke yake uliokoa kazi ya miaka mingi. Lakini watu waliochukuliwa majumbani usiku hawamo, kwa kuwa hakuna mpiga picha aliyetumwa huko. Maonyesho ya namna hiyo yanahitaji familia zilizopoteza watu wao ziwe chumbani na zisikilizwe, la sivyo picha za gwaride zitasema zenyewe. Filamu maarufu kuhusu Amin, ile ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974, ina somo lake pia. Amin alitaka baadhi ya vipande vikatwe, akawazuilia Wafaransa waliokuwa Kampala mpaka mtengenezaji akakubali. Vipande hivyo vilirudishwa baada ya utawala wake kuanguka. Ndiyo maana kwenye kadi zetu kuna mstari wa "toleo": uliyoitazama ni filamu ipi, na nani alishika mkasi?

Niseme na jambo ambalo wenzangu wengine hawajalikubali. Kanda za VHS za vibanda vya video vya Kampala ni mali ya makumbusho. Najua wengi huziona ni filamu za kigeni zilizochakaa, lakini sikiliza sauti iliyo juu yake. Vijei, yaani msimulizi wa kibandani, anatafsiri mpambano wa Hong Kong kwa Kiganda, anawapa wahusika majina ya mitaani, anataja bei ya sukari na matokeo ya mechi. Hiyo ni lugha hai ya mjini kwa wakati wake, na hakuna mwanaisimu aliyekuwa pale na daftari. Kanda hizo zinatupwa kila siku.

Kwa hiyo naomba ufungue kabati la marehemu kabla fundi hajabeba taka. Ukikuta ukanda, usiuchezeshe. Shika kwa kingo, uutazame pembeni kwenye mwanga wa dirisha: mara nyingi utakuta neno SAFETY, na kama ni wa Kodak kutakuwa na alama ndogo za duara, mraba au pembetatu. Alama hizo hutaja mwaka ukanda ulipotengenezwa kiwandani na hujirudia kila miaka 20, kwa hiyo zinakusaidia kukisia umri ukiunganisha na nguo na magari yanayoonekana. Ukanda mpana wa milimita 35 wa kabla ya katikati ya miaka ya 1950 unaweza kuwa wa nitrati, ambayo hushika moto vibaya na haizimiki kwa urahisi. Huo usiuweke ndani wala kuusafirisha kwenye basi. Tupigie sisi tuje. Kopo linalonuka siki litenge na mengine, liweke mahali pakavu penye ubaridi, mbali na bati la paa. Chumba chenye hewa kwenye sakafu ya saruji kinafaa kuliko dari.

Kanda za VHS zina maradhi yake. Kwa unyevu wa Kampala huota ukungu mweupe kwenye kingo za ukanda, na kanda yenye ukungu ikiingia kwenye deki huichafua deki, na deki huichafua kanda inayofuata. Kwenye mgongo wa kasha kuna kijibao kidogo cha plastiki upande wa kushoto. Kivunje kwa kucha leo hii, kanda haitarekodiwa tena juu. Nimewahi kupokea kanda iliyoandikwa "Kwanjula ya Mama", yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ambayo baada ya dakika nne za bibi harusi kupiga magoti ilikuwa mechi ya mpira hadi mwisho. Binti yake alikaa akaitazama mechi yote, akitumaini mama atarudi.

Zaidi ya yote, andika. Weka karatasi ndani ya mfuko wa kopo, si gundi juu ya ukanda: nani alipiga, wapi, lini, lugha gani inasemwa, nani anaonekana, na kama wenyewe au jamaa zao wanaridhia ionyeshwe. Ibada nyingine hazikukusudiwa macho ya kila mtu, na makumbusho yanayojiheshimu huuliza kwanza.

Yule mzee wa Jinja alirudi baada ya wiki tatu akiwa na shemeji yake, jaja mmoja, bibi mzee, aliyeshika fimbo kwa mikono miwili. Tulimwekea kiti karibu na skrini. Ukanda haukuwa na sauti. Ua wa nyumba, migomba nyuma, wanaume wanne kwenye ngoma na wanawake wakicheza vumbi linapanda. Dakika mbili hakusema kitu. Kisha kiganja chake kikaanza kugonga kwenye paja, na tulipoangalia, kilikuwa kinakwenda sawa na mikono ya mpigaji wa pili.

"Huyu wa mkono wa kushoto ni mume wangu," akasema. "Rudisha hapo."

Tukarudisha mara sita. Alitaja jina la kijiji, shughuli iliyokuwa ikifanyika, wapigaji watatu na wanawake watano. Nilikuwa nikiandika kwa penseli kwenye kadi, na kila jina alinifanya nimsomee nililoandika. Mpigaji wa nne hakumtambua. Ameahidi kumuuliza dada yake aliyeko Iganga, na mstari huo tumeuacha wazi.