Mwaloni mweupe ni mbao ya aina gani?

Chukua kijiti cha mwaloni mwekundu, ndugu wa mweupe, chenye urefu wa kidole, kilichokatwa kufuata nyuzi za mbao. Chovya ncha moja kwenye maji ya sabuni, kisha puliza ncha ya pili. Mapovu yatatoka. Rudia kwa mwaloni mweupe uliotoka kwenye moyo wa gogo: utavimbisha mashavu bure.

Miti yote miwili ina mirija mikubwa ya kupandishia maji, unayoweza kuiona kwa macho ubao ukikatwa kichwani. Katika mwekundu mirija hiyo hubaki wazi. Katika mweupe hujizibia yenyewe kwa vifuko vidogo viitwavyo tailosi, mti unapojenga moyo wake. Ndiyo maana mapipa ya mvinyo na wiski huundwa kwa mwaloni mweupe, na ndiyo maana ulipendwa na waunda vyombo vya baharini. Manowari ya Marekani USS Constitution, iliyoshushwa majini Boston mwaka 1797, ilivikwa mbao hizo.

Jina lisikudanganye: "mweupe" wenyewe ni wa kahawia hafifu. Kitaalamu ni Quercus alba, mti wa mashariki ya Amerika Kaskazini. Ni mzito, karibu kilo 750 kwa mita moja ya ujazo ukiwa mkavu, na randa butu haifui dafu mbele yake. Ukipigwa mvuke hupindika vizuri. Kuukausha, hapo ndipo penye kazi: ukiharakisha, unapasuka. Gogo likipasuliwa kwa robo, kutoka moyoni kwenda kwenye gome, ubao husinyaa kwa kiasi kidogo kuliko ule wa kawaida, na uso wake huonyesha miale inayong'aa kama magamba ya samaki. Binafsi sioni sababu ya kuificha kwa rangi.

Kuna jambo moja linalowaumiza wengi. Mwaloni una tanini nyingi, yaani kemikali ya asili iliyomo pia kwenye chai, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa doa la bluu iliyokolea hadi weusi. Klampu ya chuma ya kubania mbao iliyogusa gundi mbichi usiku kucha inatosha kuharibu uso wa meza. Weka karatasi ya nailoni katikati, na tumia skrubu za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, baada ya kutangulia na keekee.

Mwekundu nao una kazi zake: sakafu, ngazi, kabati. Usiutoe nje kwenye mvua tu.