Je, wajua kwa nini mdomo wa AK-47 una hesi?

Tazama kwa makini ncha ya mtutu wa AK-47 ya zamani. Utaona pete ndogo ya chuma, na chini ya pete hiyo kuna hesi, mikato ya kuzunguka kama iliyo shingoni mwa chupa ya maji. Wengi hudhani iliwekwa kwa ajili ya kizuia sauti. Kumbe kazi yake ya kwanza ilikuwa mazoezini.

Bunduki hii hujiendesha kwa gesi. Baruti ikiungua husukuma risasi mbele, na kabla risasi haijatoka, sehemu ya gesi hupenya tundu lililo kwenye mtutu na kurudisha pistoni nyuma. Ganda linaruka nje, risasi nyingine inaingia. Sasa mpe askari risasi baridi, yaani zenye baruti bila kichwa. Hakuna kinachoziba mtutu, gesi inakimbilia nje, pistoni inakosa nguvu, na askari analazimika kukoki kwa mkono kila baada ya mlio. Dawa ikawa kufunga kwenye hesi kifaa chenye tundu dogo sana, kinachobana gesi ndani mpaka pistoni irudi. Bunduki za kukoki kwa mkono, kama Mosin-Nagant na Lee-Enfield, hazikuwa na shida hiyo, na kwa kawaida hazikuchongwa hesi.

Siku nyingine zote pete hulinda tu hesi isigongwe. Hufungwa kwa kuzungushwa kushoto, kinyume cha nati za kawaida, kwa hiyo fundi asiyejua anaweza kuikaza huku akidhani anaifungua.

Baadaye hesi ikapata kazi ya vita. AKM, toleo lililoboreshwa la AK-47 lililoanza kutumika mwaka 1959, ilikuja kuvishwa kipande kilichokatwa mshazari. Gesi ikitoka hugonga mdomo wake wa chini uliochomoza, ikakandamiza mtutu usipande juu wakati wa kufyatua mfululizo. Kipande kidogo, lakini mimi nakihesabu kati ya mawazo bora ya bunduki ile.

Wamarekani walitumia hesi ya bunduki yao ya M16 kufungia kifaa cha kupunguza mwako, ili usimpofushe mpigaji gizani. Kifaa cha mwanzo kilikuwa na meno matatu yaliyo wazi, yakawa yananasa majani na vijiti huko Vietnam, ikabidi yafungwe kwa mbele. AK-74, mrithi wa AKM, nayo ilikuja na kifaa kirefu chenye matundu ya pembeni. Kinatuliza bunduki vizuri mno, ila kishindo chake humwangukia askari aliyelala kando.