Kitabu cha kanuni za vita vya mezani: yanayodhaniwa na yalivyo

Unaandika kanuni za vita vya mezani, mchezo wa kupambanisha vinyago vya askari kwa dadu? Zipime kwanza dhana hizi.

Dhana: Kanuni zikiwa nyingi, mchezo unakaribia vita halisi.

Waprusia, watu wa ufalme wa zamani wa Kijerumani, walishapita njia hiyo. Mwaka 1824 ofisa wao, Georg von Reisswitz, alitoa Kriegsspiel, mchezo wa kufundishia maofisa wenye ramani, dadu na majedwali ya hasara. Mahesabu yakawachosha waamuzi, na mwaka 1876 ofisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza mwamuzi mzoefu aachiwe aamue kwa akili yake. Hao walikuwa na mwamuzi. Wewe unawaandikia watu wawili na vinyago vyao, wasio na mwamuzi ila kitabu chako.

Dhana: Wachezaji wataelewa nilichokusudia.

Hapa ndipo ugomvi huzaliwa, na Kiswahili kina mitego yake. Soma hii: "Mchezaji akimpiga mwenzake, ataondoa askari wake mmoja." Wake nani, aliyepiga au aliyepigwa? Mwandishi haoni tatizo kwa kuwa jibu analo kichwani. Andika "aliyepigwa ataondoa askari mmoja", mjadala umekwisha. Na "adui aliye karibu" je? Ni yeyote aliye jirani, au wa karibu kuliko wote? "Ndani ya inchi 6" inapimwa kutoka ukingo wa kitako cha kinyago au kutoka ncha ya mkuki? Kikosi ambacho nusu imo na nusu iko nje kinahesabiwa vipi?

Tena, neno likishachaguliwa libaki hilohilo. Shuleni tulikatazwa kurudiarudia maneno. Kwenye kanuni katazo hilo ni sumu. Ukiandika "kikosi" ukurasa wa 4 na "kundi" ukurasa wa 9, msomaji atadhani ni vitu viwili, na ana haki.

Dhana: Kuongeza 1 kwenye dadu ni zawadi ndogo.

Inategemea. Kwa dadu moja inayotaka 4 au zaidi, nafasi hupanda kutoka 3 kati ya 6 hadi 4 kati ya 6. Kwa dadu mbili zinazotaka jumla ya 11 au zaidi, hutoka 3 kati ya 36 hadi 6 kati ya 36. Umeizidisha mara mbili.

Dhana: Kitabu husomwa mwanzo hadi mwisho.

Labda mara moja. Baada ya hapo hufunguliwa katikati ya zamu, mkono mmoja umeshika futi, mwenzako anakukodolea macho. Kwa hiyo panga sura kwa mfuatano wa zamu yenyewe, weka faharasa, na majedwali yote yakae ukurasa wa mwisho. Hadithi za falme na majemadari (nazipenda mno) zipewe sura yao. Picha za vinyago vilivyopakwa rangi huvutia mnunuzi, lakini namna kikosi kinavyogeuka huelezwa na mchoro wa kutazama kutoka juu, wenye mishale.

Dhana: Nimeujaribu na rafiki zangu, uko tayari.

Rafiki zako wamecheza na wewe, si na kitabu. Wape watu ambao hujawaeleza chochote, kaa pembeni, funga mdomo hata wakikosea, uandike kila ukurasa wanaourudia. Mara yangu ya kwanza, wapanda farasi walikwenda polepole kuliko askari wa miguu mchezo mzima, kwa sababu safu mbili za jedwali langu hazikutenganishwa na mstari. Walipomaliza wakanisifu kwa ubunifu.