Cheti cheupe hakijamaliza kazi: yanayokosewa Malindi katika kuajiri walezi

"Ana cheti cha tabia njema, basi hana neno."

Kosa hili utalikuta kwenye madrasa za Shella, na utalikuta tena Casuarina kwa wastaafu wa Kiitaliano wanaotafuta mtu wa kuwatunza. Cheti hicho, kinachotolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya, hujibu swali moja tu: je, mwenye alama hizi za vidole ana rekodi ya jinai kwa polisi wa Kenya? Mtu aliyeondolewa shule mbili kimya kimya, wazee wakakaa, wazazi wakaombwa wasitoe aibu nje, hana rekodi yoyote. Cheti chake kitatoka cheupe kama cha imamu. Kisheria maridhiano ya familia hayaifuti jinai, lakini yakishazuia kesi kufika polisi, hakuna kitakachoandikwa.

"Cheti ni kulipa tu kwenye simu."

Kulipa ndio mwanzo. Mwombaji hujaza maombi eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hulipa shilingi 1,050, huchapa ankara na fomu C24, kisha huenda na kitambulisho halisi kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi. Fomu hiyo ichapwe mbele na nyuma kwenye karatasi moja. Wengi hurudishwa kwa sababu saibakafe imewatolea karatasi mbili. Kidole huviringishwa kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili. Kikiteleza, wino hutapakaa na mistari haisomeki. Wavuvi na wachonga mawe ndio husumbuka zaidi, maana kamba na mawe vimekwisha kula ngozi. Mikono ioshwe kwa sabuni, ikaushwe, na mafuta ya kujipaka yaachwe siku hiyo.

Nawe mwajiri, usipokee picha ya WhatsApp. Majina na tarehe hubadilishwa kwa kompyuta kwa dakika chache. Mwambie afungue akaunti yake ya eCitizen mbele yako akipakue upya, kisha ulinganishe jina na namba ya kitambulisho, herufi kwa herufi.

"Mgeni wa kujitolea amekuja kusaidia, tutamuulizaje?"

Muulize kama unavyomuuliza mwingine. Cheti cha Kenya hakijui yaliyotokea Bergamo wala Leeds. Mwitaliano aje na cheti cha rekodi za jinai cha kwao, casellario giudiziale, ambacho hudumu miezi 6. Tangu 2014, sheria ya Italia inamtaka mwajiri akiangalie kabla ya kumpa mtu kazi ya kukaa na watoto mara kwa mara. Mwingereza aombwe ICPC (International Child Protection Certificate), cheti kilichotengenezwa kwa wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje ya nchi. Anayekuja kwa wiki mbili kupiga picha na watoto na hana karatasi hizo, apewe ukuta wa kupaka rangi. Si lazima awabebe watoto ndipo asaidie.

"Huyu twamjua, ni mtoto wa nyumba."

Mnachokijua ni ukoo wake. Kazi yake hamjaiona. Mpigie mwajiri wa mwisho, na namba itafute mwenyewe kwa kupitia ofisi ya shule au ya kituo. Ile iliyoandikwa kwenye wasifukazi yaweza kuwa ya binamu. Uliza alianza lini na akatoka lini, alikaa na watoto au wazee wa namna gani, na kwa nini aliondoka. La mwisho: "Ungemrudisha kazini?" Hapo sikiliza kwa makini. Anayejibu "eeh, hata kesho" na anayemeza mate kwanza hawajasema kitu kimoja. Tarehe zikiacha pengo la miezi minane, mtake mwombaji alieleze.

Kwa mwalimu wa shule, thibitisha usajili wake TSC, tume ya kuajiri na kusajili walimu, kwani tume hiyo huwafuta walimu kwenye daftari na kutangaza majina yao. Maalim wa chuo cha Kurani mara nyingi hayumo kwenye daftari hilo, kwa hiyo kamati ya msikiti haina wa kumtegemea. Kuuliza ni juu yake.

"Kumuuliza mtu mzima makosa yake ni kumvunjia heshima."

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 39, inamtaka aliyepatikana na hatia ya kosa la kingono aseme anapoomba kazi ya kulea au kusimamia watoto au watu wengine walio hatarini. Kuficha ni kosa jingine. Liandike swali hilo kwenye fomu na waombaji wote watie sahihi, pamoja na mpwa wa mwenyekiti.

"Rekodi yoyote ndiyo basi."

La. Aliyeiba baiskeli akiwa na miaka 19 na sasa ana 40 si sawa na aliyemdhuru mtoto. Pima aina ya kosa, muda uliopita, na kazi yenyewe: mwizi wa pesa hafai kushika pensheni ya bibi kizee, lakini anaweza kupika jikoni.

Mtu asianze kazi "kwa muda" huku cheti kikisubiriwa, kwa sababu huo muda hauishi. Akishaanza, miezi mitatu ya majaribio asikae faragha na mtoto, mlango wa darasa uwe wazi, na namba 116 ya simu ya watoto, isiyolipiwa, ibandikwe mahali ambapo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuisoma.